Pazia la Bi Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa wa homa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama wakiteka maji kisima kimoja, mji wa Topeni ulitawaliwa na Sultani Kiboko. Bwana huyo alikuwa msafi kupita kiasi! Kila asubuhi aligaagaa matopeni, akatoka ananuka, kisha akatangaza: "Sitaki takataka mjini kwangu! Atakayekutwa nazo atahama na kiota chake!"

Tangazo hilo lilimkuta Bi Mnana, ndege fundi wa kushona, akichakura jalalani. Visoda alivitoboa vikawa shanga, makopo aliyakata yakawa maua, vitambaa vikuukuu aliviunga vikawa mapazia. Aliogopa kwelikweli. Makinda wake watatu hawakuwa wameota mabawa. Angehama nao vipi?

Kesho yake Waziri Ngedere, ambaye kwa bahati tu alikuwa na duka la mapazia mapya, alimkamata fundi na pazia lake, akamburuta hadi barazani. Sultani alikuwa ameketi na wake zake watatu.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Pazia, Bwana."

"Nini?"

"Pazia, Bwana."

"Nauliza mara ya mwisho!"

"Pazia, Bwana," akajibu Bi Mnana. "Nimeunga kanga kuukuu tatu zilizotupwa kutoka jumbani kwako. Maua nimeyachanganya, ila majina sikuyagusa. Nikikata jina la kanga, mwenyewe atanisuta."

Sasa nyinyi mnamjua mwanamke gani anayeona kanga asisome jina lake? Bi Mkubwa alisogea, akasoma: "NI WEWE PEKE YAKO MOYONI. Jamani, hii yangu! Bwana alinipa, akaniambia niivae ndani tu, iwe siri yetu."

Mke wa kati akasoma upande wa pili: "NI WEWE PEKE YAKO MOYONI. Hii yangu! Nami niliambiwa niivae ndani tu."

Mke mdogo aliangalia upande wa tatu, wala hakujisumbua kusoma.

"Kumbe tumo wengi moyoni humo," akasema.

Jasho likamtoka Sultani. Ngedere, kwa akili zake nyingi, akadakia: "Si nilisema ni takataka?"

"Ati takataka?" Bi Mkubwa akamgeukia mumewe. "Maneno uliyotupa ni takataka?"

"Mke wangu..."

"Yupi?" wakauliza wote watatu.

Bi Mnana aliinamisha kichwa, asionekane akicheka.

"Hii ni sanaa!" akapaza sauti Sultani. "Sanaa kubwa! Nani kasema takataka? Ngedere, muombe fundi radhi! Na asiguswe mtu kiota chake!"

"Vizuri," akasema Bi Mkubwa. "Kama ni sanaa, itundikwe mlangoni mwa chumba chako."

Bi Mnana akarudi kwa makinda wake, nalo pazia likatundikwa. Tangu hapo, kila mke zamu yake ikifika, huja hadi mlangoni, akasoma pazia lote kwa sauti, mara tatu, kisha akageuka akarudi kwake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye swali akamuulize Sultani, siku hizi ana nafasi tele.