Kiti cha Kushoto

Alikuwako Same fundi mmoja aliyependa wepesi kuliko kitu chochote. Jina lake Mjema. Alipata injini kuukuu ya mzunguko, ile isiyo na pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake kipande kimoja cha pembe tatu huzunguka, na gari likaenda. Ilikuwa ndogo hata yeye na mkewe Nakunda waliinyanyua wawili tu wakaiweka mahali pake. Juu ya injini hiyo Mjema akajenga gari la mbio, la chini, bodi yake bati jembamba la alumini, lenye viti viwili.

Injini ya namna hiyo ina tabia yake. Ikizunguka kwa kasi huimba. Ikizunguka polepole haina nguvu ya kuburuta mzigo. Kwa hiyo Mjema alikiuliza kila kitu garini swali moja: wewe unafanya kazi gani? Kilichokosa jibu kilitolewa. Zulia likatoka. Redio ikatoka, tairi la akiba likatoka, vitasa vya milango vikatoka na mahali pake pakafungwa mikanda ya ngozi. Senkondo, muuza spea wa ng'ambo ya barabara, hakuacha kumchokoza. "Fundi, kesho nikikuta umetoa na matairi, nitakuletea mbawa!" Nakunda ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kisha watu wa maonyesho ya magari wakatuma habari kutoka Arusha. Wangekuja Jumamosi kuliona gari likipanda barabara ya Mbaga, yenye kona kali, mlima mkono wa kushoto, korongo mkono wa kulia. Likipanda vizuri, wangeliweka mbele ya watu. Mjema alikuwa amelingoja jambo hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ijumaa asubuhi akalizunguka gari akitafuta cha kutoa, asikione. Ndipo macho yake yakatua kwenye kiti cha kushoto. Akakiuliza swali lile lile, na kiti kikanyamaza.

Hakufanya kwa ubaya. Mtu anayefungua nati hafikirii moyo wa mtu, hufikiria nati. Nakunda aliporudi kutoka sokoni alikikuta kiti kimeegemezwa ukutani. Alikitazama, akakipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake, akaingia ndani kuwasha jiko.

Mjema akapanda mlimani peke yake kulijaribu. Paliponyooka gari lilikwenda hata akacheka mwenyewe. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto, magurudumu ya kushoto yakaacha ardhi. Kwenye kona ya pili yakanyanyuka tena, na gari likaserereka kuelekea korongoni, likasimama penye majani ya ukingoni. Alikaa humo, mikono juu ya usukani, akiisikiliza injini ikizunguka bila dosari.

Akarudi nyumbani akatafuta kosa. Akapima magurudumu, akakaza, akalegeza, akakaza tena. Kosa hakuliona kwa sababu halikuwapo. Springi za gari alizipima likiwa na watu wawili. Kila alipozirekebisha, Nakunda aliketi kiti cha kushoto na ungo wa maharage mapajani, akichagua mawe na kumsimulia habari za kwaya. Mjema alidhani mkewe anamliwaza tu kwa mazungumzo. Kumbe gari lilikuwa likijifunza kusimama kwa uzito wa Nakunda.

Hilo alilielewa nusu. Akajaza mchanga gunia, pungufu ya uzito wa mkewe, kwa kuwa bado alikuwa na tamaa ya wepesi. Akalifunga kwa kamba mahali pa kiti, akapanda tena. Kwenye kona ya kushoto gunia likalala upande wa kulia, ule ule gari lilikokuwa linataka kuangukia, likamlemea mkono, likapasuka. Aliporudi suruali yake ilikuwa imejaa mchanga.

"Mama Niwaeli!" Senkondo alimwita Nakunda kwa sauti. "Njoo umwone mke mwenzio, amemmwagikia bwana mapajani!"

Nakunda akatoka, mikono ina maji. Safari hii hakucheka. Aliukung'uta mchanga uliokuwa kwenye ukosi wa mumewe, taratibu, kama mtu anayemwandaa mwenzake kwenda kanisani.

"Baba Niwaeli," akasema, "mchanga haujui kona."

Mjema alikwenda ukutani, akakichukua kiti.

Jumamosi walipanda wawili. Nakunda alizaliwa Mbaga, na katika usichana wake aliishuka barabara ile na mkungu wa ndizi kichwani. Kabla kona haijaonekana, bega lake lilikuwa limekwisha kuelekea mlimani. Mjema akaacha kuihesabu barabara, akawa analifuata bega lile. Lilipoinama, alikata usukani. Gari lilipanda zito kidogo, na injini ikalalamika kidogo kabla haijaimba, lakini kila gurudumu lilikuwa ardhini. Katika kona iliyomshinda jana, Nakunda alikuwa akimwonyesha kidole nyumba ya shangazi yake.

Juu, mmoja wa wageni akalizunguka gari akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Fundi, kazi nzuri. Ila ungetoa hicho kiti cha pili, lingekuwa jepesi zaidi."

"Lingekuwa," akajibu Mjema, akaenda kumfungulia mkewe mlango.

Wageni wakachagua gari jingine, jepesi kuliko lake, ambalo lilipelekwa kwenye maonyesho juu ya lori na kurudishwa juu ya lori. Mjema alisikitika kwa siku kadhaa, kama anavyosikitika mtu yeyote. Kisha wakazoea, yeye na Nakunda, kupanda Mbaga baada ya ibada, bila shughuli yoyote huko juu, miaka mingi.

Nakunda alifariki mvua za vuli zilipokuwa zinaanza. Mjema bado hupanda. Springi hakuzigusa, ingawa kuzipima upya kwa mtu mmoja ni kazi ya asubuhi moja tu, na yeye ni fundi. Wala hakuweka mchanga. Akiikaribia kona ya kushoto hupunguza mwendo hadi karibu kusimama, na walio nyuma humpigia honi, wakidhani injini imechoka au mzee amechoka. Huwapisha. Kisha huingia kona polepole, mwenyewe ameinamia upande wa mlima kadiri mkanda wa kiti unavyomruhusu.

Nawe unayetupa mizigo ili upande upesi, umekwisha kujua ni upi kati yake unaokushikilia barabarani?