Kesi ya Mfereji na Ndege Iliyoanguka

Haya, sogeeni. Nikisema "Palikuwa," nyinyi semeni "Na pakawapo." Asiyeitikia, kisa kitampita na sitamrudia.

Palikuwa! Na pakawapo! Palikuwa na zamani ile ya mababu, ndege ya abiria bado ikiitwa ndege ulaya. Ikipita juu ya milima yetu ya Upare, kuku walikimbilia uvunguni, na wazee nao walikuwa karibu kuwafuata. Zamani hiyo alikuwapo mama mmoja, Namkunda. Alikuwa mchapakazi, lakini mdomo wake, wajukuu, haukuwa na mlango.

Basi mfereji wa maji ulitoka msituni juu, ukapita shamba hadi shamba, kila mtu kwa zamu yake. Asubuhi moja ya ukungu, zamu ya Namkunda, akafungulia maji yaingie kwenye maharage yake. Akanusa. Akachota kiganjani, akanusa tena. Maji yananuka mafuta! Hakuuliza, hakungoja. Akapanda mbio kwa jirani yake wa juu, Nanzighe, ambaye walikuwa hawasalimiani tangu mavuno.

"We Nanzighe! Umeoshea taa yako kwenye maji ya watu!"

"Mimi?"

"Wewe! Penye moshi hapakosi moto!"

"Moshi uko kichwani kwako. Twende kwa mzee wa mfereji."

Mzee wa mfereji, Senzia, hakupoteza maneno. Sheria ilikuwa moja: mshtaki na mshtakiwa wapande pamoja wakinusa, mpaka wafike penye maji safi. Uchafu unapoanzia, hapo ndipo alipo mkosaji. Na aliyesingizia atapika pombe ya miwa, mitungi miwili, inywewe na wote.

Wakapanda. Wakanusa juu ya shamba la Nanzighe: yananuka. Wakapanda. Shamba la jirani wa juu yake, mzee Kirumbe: yananuka. Wakapanda. Shamba la mwisho kabisa, ukilipita ni msitu mtupu: bado yananuka!

Hapo Namkunda akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Juu ya pale hakuna aishiye.

"Basi," akasema polepole, "nimekosa. Turudi."

"Turudi wapi?" Nanzighe akashika kiuno. "Umenitangaza kijiji kizima, leo unataka turudi? Sheria ni mpaka maji yawe safi. Utanusa mpaka pua ing'oke!"

Mnacheka? Chekeni. Husemwa mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, lakini ngojeni mwone mkaidi huyu.

Wakaingia msituni. Ukungu mzito, baridi inauma. Wakapanda, wakanusa, wakapanda. Mara wakasikia sauti: "Jamani! Jamani, kuna watu?"

Namkunda alitaka kukimbia, nawaambieni kweli. Nanzighe akamkamata kanga. Wakasogea, na kule korongoni wakaiona ndege, imekatika vipande viwili, bawa limelala kwenye kijito kinachojaza mfereji, mafuta yanadondoka majini. Ilikuwa imegonga mlima kwenye ukungu jioni iliyotangulia. Watu wanane walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, Mungu awarehemu. Watano walikuwa hai, wameumia na kuloa chapachapa. Aliyeita ni mkunga wa Tanga, Bi. Zamda, mguu umebanwa na kiti.

"Tumesikia ndege zikitutafuta," akasema, meno yakigongana. "Zinapita mbali, hazituoni. Tumelala na mvua. Usiku mwingine hatuuwezi, dada zangu."

Ndiyo hivyo, fimbo ya mbali haiui nyoka. Namkunda akavua kanga yake ya juu, akamfunika.

"Nani ashuke kuita watu?" akauliza.

"Shuka wewe," Nanzighe akamwambia. "Una mdomo unaosikika mlima mzima. Leo utufae."

Namkunda akashuka, akipiga yowe shamba hadi shamba. Wanaume wakaja na mapanga na mablanketi, wakakata miti, wakafunga machela. Wanawake wakaja na uji wa moto. Wakamkuta Nanzighe amewakusanya wale wanne, amewabana kwa Bi. Zamda chini ya blanketi la majani, anawaimbia wasisinzie, sauti imemkauka. Wakang'oa kile kiti, wakaunasua mguu wa Bi. Zamda, wakawabeba wote. Jua halijazama, wote walikuwa wanaota moto nyumbani kwa Senzia. Wote watano, wajukuu! Hakupungua hata mmoja.

Miezi ikapita, majeraha yakapona. Siku ya faini Namkunda akaleta mitungi yake miwili, akapiga magoti mbele ya Nanzighe. "Jirani, nilikusingizia. Nisamehe."

Bi. Zamda alikuwa amesafiri kutoka Tanga kwa ajili ya siku hiyo. Akasimama na mkongojo wake, mkononi kikombe cha togwa. "Huyu asingekuwa na mdomo, na huyu asingekuwa mkaidi, mimi leo ni mifupa," akasema. "Wengine hushukuru kwa wema waliotendewa. Mimi nawashukuru hata kwa ugomvi wenu."

Nanzighe akanywa, akajifuta machozi, akamwinua Namkunda.

"Pombe nimeipokea. Lakini faini yangu mimi ni nyingine. Ukinishuku tena, usinung'unike jikoni kwako. Njoo mlangoni kwangu upige kelele vilevile. Nami nitapanda nawe."

Basi, wajukuu, jambo likikukera mpelekee mwenyewe, mlifuate pamoja mpaka mwisho wake. Na ukiokolewa, shukuru, hata kama mkono uliokuokoa una makucha.

Kisa nimekitua hapa chini. Atakayekibeba, akibebe kizima, asikidondoshe njiani.