Viroboto wa Shimo la Saba

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nyumba.

Nyumba ya nani?

Kachimba mmoja, kapangisha wa pili, anayejikuna wa tatu. Sogeeni. Na mwenye kuwashwa ajikune waziwazi, hapa hatuchekani.

Hapo zamani za kale palikuwa na Ngiri mwenye mashimo saba kwenye mteremko wa kilima. Msiniulize aliyachimba lini. Ngiri yule hakuwahi kuchimba hata kishimo cha kupandia kunde. Mchimbaji alikuwa Muhanga, na Muhanga ana tabia moja: akimaliza kuchimba huondoka, akaanze kwingine. Ngiri akaja nyuma yake, akasimama mlangoni na pembe zake, akasema nyumba hizi ni zangu. Kwa kuwa hakuna aliyembishia, zikawa zake.

Shimo la saba alipanga Bi Nguchiro, mjane mwenye watoto watatu. Kodi ilikuwa kumletea Ngiri mizizi mitamu kila mwezi unapoandama, naye aliileta bila kukosa. Nyumba ilikuwa kavu, mlango unapata jua la asubuhi, na masika yalikuwa yanakaribia. Bi Nguchiro alisema moyoni, hapa nimefika.

Sasa, Ngiri alikuwa na desturi yake. Kila wiki alikuja kukagua nyumba, na aliingia kinyumenyume, makalio mbele, kichwa mwisho. Alisema mwenye mali haipi dunia kisogo. Akishafika ndani hujitikisa manyoya ya shingoni, pwaa, pwaa, pwaa, eti anapima kama dari litaanguka. Kisha hutoka na kutangaza kuwa nyumba ni nzima. Wapangaji husimama nje wakisema ahsante, baba. Wangefanya nini? Mpangaji hachagui upande atakaogeuziwa na mwenye nyumba.

Siku moja watoto wa Bi Nguchiro wakaanza kujikuna. Wakajikuna asubuhi, wakajikuna mchana, wakajikuna jioni. Mama akapekua manyoya yao, akaona viroboto. Kitindamimba, jina lake Chepe, alikuwa amenyonywa mpaka fizi zimekuwa nyeupe. Akisimama anaanguka. Bi Nguchiro akaogopa kweli, maana mtoto akifika hapo, hana siku nyingi.

Akaenda kwa Ngiri. Akamkuta amejilaza kivulini, akamweleza kwa adabu zote. Ngiri hakuinua hata sikio.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama," akasema. "Nyumba yangu haina wadudu. Kafagie."

Bi Nguchiro akafagia. Akatoa nyasi za kulalia, akazichoma, akaweka mpya. Viroboto wakaisha, watoto wakalala. Ngiri akaja kukagua, makalio mbele, pwaa, pwaa, pwaa. Kesho yake watoto wanajikuna.

Akarudi kwa Ngiri. Ngiri akamwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Kafukize."

Bi Nguchiro akafukiza majani ya mwarobaini mpaka yeye mwenyewe akatoka nje anakohoa. Viroboto wakaisha, watoto wakalala. Ngiri akaja kukagua, makalio mbele, pwaa, pwaa, pwaa. Kesho yake watoto wanajikuna, na Chepe sasa hata kujikuna hawezi.

Akarudi mara ya tatu. Safari hii Ngiri hakumngoja amalize. Alimwambia kikulacho ki nguoni mwake, kwamba amemletea viroboto katika nyumba safi, na kwamba ahame kesho kutwa. Aliyasema kwa sauti, majirani wasikie. Na majirani walisikia. Bi Nungunungu wa shimo la sita akabana pua, akasema siku hizi nyumba wanapangishwa hata wasiojua kuoga. Wakati anasema hivyo, mguu wake wa nyuma ulikuwa unakuna ubavu kwa bidii, lakini hilo hakuliona, au alijifanya halioni.

Bi Nguchiro akarudi kwake, akakaa kando ya Chepe, akalia. Mawingu ya masika yamejaa, mtoto hana damu, na pa kwenda hapana. Katika kulia kwake akaona kiroboto mmoja mzee shavuni mwa mtoto. Akamkamata, akambana kwa kucha.

"Usiniue, mama, nikuambie neno," kiroboto akasema. "Sisi si wako. Tumezaliwa kwenye manyoya ya Ngiri, na babu zetu vilevile. Kule tumejaa, tunakanyagana. Kila akija kukagua anatutikisa, nasi tunashuka."

"Na kwa Bi Nungunungu?"

"Nyumba zote saba, mama. Ila wenzako wanajikuna wakiwa wamefunga mlango."

Bi Nguchiro akamshukuru sana. Kisha akambana mpaka akapasuka, maana damu ile ilikuwa ya Chepe, na shukrani hairudishi damu.

Siku ya kuhama ikafika. Alfajiri Bi Nguchiro alifagia, akafukiza, akamwaga majivu meupe sakafu nzima, ukuta hadi ukuta. Akawaita majirani, akawaambia waingie mmoja mmoja waangalie kama anaacha mdudu. Waliingia wakijivuta, wakatoka wakipangusa majivu miguuni. Ndani hapakuwa na kitu, na Bi Nguchiro akayasawazisha majivu yale upya.

Ngiri akaja na tumbo lake. Bi Nguchiro akapiga magoti, akamwomba kabla hajaondoka atoe hukumu mbele ya watu, jambo lisije likajirudia. Ngiri alipenda kutoa hukumu kuliko mizizi. Akakohoa, akasema:

"Mwenye viroboto ahame leo, yeye na viroboto wake, wala asikanyage tena mteremko huu."

Bi Nguchiro akasema walio nyuma hawakusikia. Ngiri akarudia. Bi Nguchiro akasema bado kuna mzee mmoja ana masikio mazito. Ngiri akarudia mara ya tatu, kwa sauti iliyofika bondeni.

"Ahsante, baba," akasema Bi Nguchiro. "Sasa kagua nyumba yako, nikukabidhi."

Ngiri akageuka, akaingia makalio mbele. Pwaa, pwaa, pwaa. Akatoka uso umejaa majivu, akatangaza kuwa nyumba ni nzima. Majirani wakachungulia. Juu ya majivu meupe viroboto walikuwa wakirukaruka, weusi, kama ufuta uliomwagika kwenye unga.

Halafu Bi Nungunungu akaketi chini, akaanza kujikuna mbele za watu, na machozi yakamtoka kwa raha. Wa shimo la tano akajikuna. Wa la nne akajikuna. Mteremko mzima ukajikuna, na kila mmoja akamwona mwenzake.

Ngiri akasema wale ni viroboto wa mpangaji. Sauti yenyewe ilikuwa imepungua.

"Baba," akasema Bi Nguchiro, "uliniambia mara tatu kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Leo nimeona ni kweli. Hukumu tumeisikia, hata mzee mwenye masikio mazito ameisikia."

Ngiri akaondoka, na siku hiyo alitangulia kichwa, wote wakabaki wakitazama makalio yakienda zake. Chini ya mkia viroboto walikuwa wakimsindikiza, ndiyo maana mpaka leo Ngiri akikimbia huusimamisha mkia, na akiona matope hugaagaa. Mashimoni bado huingia kinyumenyume. Kujifunza ni kazi, na kazi hakuizoea.

Chepe alipona. Masika yalimkuta ndani, ananyonya, ana kelele.

Basi wanangu, anayekuita mchafu mlangoni pako, mtazame kwanza yeye anaingiaje. Nanyi mnaobana pua kwa ajili ya jirani, shusheni mkono mjikune, mwasho ni mmoja.

Nami ngano yangu nimeifagia, nimeifikisha mlangoni. Utamu wake ni wenu. Viroboto wake mrudishieni mwenyewe.