Mikono ya Bibi Naghenjwa

"Usimtafute mwenye upele kwa kucha." Mmeisikia leo gulioni, wajukuu zangu, mkacheka. Haya, tulieni. Ilianza hivi.

Huko milimani Upare alikuwako Nakijwa, mke kijana mwenye mtoto wa miezi tisa. Mtoto alishikwa na upele, akawa halali, anajikuna mpaka damu. Mara mbili Nakijwa alimpaka dawa, akajipaka yeye na mumewe, akachemsha nguo. Unapoa siku kumi, unarudi. Mara ya tatu vidonda vikatunga usaha, mtoto akakataa titi.

Wifi yake, Naetwe, hakumficha. "Uchafu wako huo! Mbona mama mnaishi naye na hajikuni? Mtoto huyu akifa, urudi kwenu."

Kweli, mama mkwe, Bibi Naghenjwa, hakujikuna. Ila mikono yake ilikuwa na magamba mazito, yakipukutika kama pumba. Wakasema ni jembe na uzee. Na kwa desturi yao, bibi ndiye humkanda mjukuu kwa mafuta kila asubuhi.

Nakijwa akaenda zahanati, mama mkwe akimbebea mtoto. Mganga alimtazama mtoto, kisha macho yakaganda kwenye mikono ile.

"Mama, hii tangu lini?"

"Hiyo haiwashi, baba. Mwangalie mtoto."

"Hiyo isiyowasha ndiyo ninayoitaka."

Akakwangua gamba, akaliweka chini ya darubini, akamwita Nakijwa. Wadudu wa upele walijaa humo kama watu gulioni.

"Sasa mbona hawamwashi?"

"Kuwashwa ni mwili kupigana. Wa mama umechoka, wanazaliana bila kelele. Tumpime tujue umechoshwa na nini."

Damu ikapimwa, ugonjwa uliomdhoofisha ukajulikana, akaanzishiwa dawa zake. Kwa upele akapewa vidonge vya kurudia kwa majuma kadhaa, na dawa ya kupaka mwili mzima. Watu wote wa nyumbani wakapakwa dawa siku hiyo hiyo, hata Naetwe. Mtoto akapewa dawa ya vidonda, na kumkanda kukasimamishwa.

Nakijwa akahesabu siku. Ya kumi ilipofika hakula. Kutwa alifunua vidole vya mwanawe, akitafuta kipele kipya. Hakukuwa na kitu. Ya ishirini, mtoto alinyonya akashiba, akalala fofofo.

Naetwe akaja, macho chini. "Wifi, ulimi wangu ule..."

Bibi Naghenjwa akamkatiza, akiinua mikono yake iliyoanza kulainika. "Ulihesabu wanaojikuna, mwanangu. Mimi niliyetulia ndiye niliyewalisha wadudu. Usimtafute mwenye upele kwa kucha."