Mikono Miwili ya Kushoto

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi hudhani ufa huo ni wa nyumba tu. Kumbe hata mwili una nyufa zake, na ufa wa Fundi ulikuwa kiu.

Fundi huyu alishona magauni ya maharusi, na kazi yake ilisifiwa mtaa mzima. Ila alikuwa na sharti moja: maji hayaingii chumba cha kushonea, kwani tone likidondokea hariri huacha alama isiyotoka ng'o. Angeweza kutoka akanywe uani, lakini wapi! Yeye na cherehani walikuwa chanda na pete. Asubuhi mpaka jioni, koo kavu kama gunzi.

"Dada, kunywa maji basi," mdogo wake alimsihi. Huyo ndiye aliyekuwa bibi harusi wa Jumamosi, na gauni lililokuwa mezani lilikuwa lake.

"Nikinywa nitaenda msalani. Nikienda msalani nani atashona? Wewe, unayeshindwa na kifungo?"

Mdogo mtu akacheka, yakaishia hapo.

Alhamisi kichwa kilimgonga Fundi tangu alfajiri, macho yakaingia ukungu. Akajikaza kisabuni, akashika mkasi, akakata mikono ya gauni. Alipoinua vipande avishikize, moyo ukamlipuka paa! Alikuwa amesahau kukigeuza kitambaa. Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Na hariri ile ilikwisha, madukani haipo tena. Akasimama ghafla, chumba kikamzunguka, akaanguka puu.

Kwenye zahanati, muuguzi alimtundikia dripu. "Mama, huna malaria wala presha. Umeishiwa maji mwilini. Mara ya mwisho ulikunywa lini?"

Fundi akafikiri, asikumbuke. Alipoona haya zimemzidi akaangua kilio. "Nimemharibia mdogo wangu harusi yake!"

"Gauni litashonwa," mdogo wake alimjibu, akimshikia kikombe. "Dada mwingine nitamtoa wapi? Kunywa."

Kesho yake Fundi aliamka mwepesi, kichwa kimetulia. Akalitazama gauni, akautazama mkia wake mrefu uliotambaa sakafuni.

"Nikiukata huu, nimepata mkono wa kulia," alisema kwa sauti ya chini.

"Ukate, dada! Mwenzio usiku silali, naogopa kujikwaa nao mbele ya wakwe."

Wakacheka hadi mbavu zikawauma. Lakini kukata mkia kulitaka sketi nzima ifumuliwe na kushonwa upya. Fundi akaifanya kazi hiyo kutwa nzima, na kila mara aliinuka, akaenda uani kunywa, akarudi akinung'unika kwamba ameolewa na mtungi.

Jumamosi gauni lilimkaa bibi harusi likamkubali, na Fundi alipiga vigelegele kuliko wote, furaha imemjaa tele. Hata hivyo vidole vilimuuma, na alijua sababu: alibania vikombe vichache vya maji, akalipa kwa kushona sketi nzima mara mbili. Ama kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta.