Pua ya Mtunza Chungu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nimwage?"

"Mwaga, tukinge!"

"Na ikiwa chungu?"

"Tutaimeza hivyo hivyo!"

Basi mezeni, maana ngano hii haina asali.

Hapo zamani za kale, kwenye milima ya miwa, paliondokea mtu jina lake Mbonea, mtunza chungu. Kila mwaka kabla ya mvua za kwanza, wazee walipika pombe ya miwa ya kuwatambikia mababu, wakajaza chungu kimoja, wakakiweka kwake siku saba. Mila ilisema mtunza chungu ni yule tu ambaye ulimi wake haujagusa pombe tangu azaliwe. Babu yake hakunywa. Baba yake hakunywa. Mbonea naye hakunywa, na heshima yake yote ilikuwa hapo, maana hakuwa na ng'ombe wala shamba la kujivunia.

Mwaka wa kwanza pua yake ikawa nyekundu. Watu wakasema ni jua. Mwaka wa pili ikavimba. Watu wakanyamaza. Mwaka wa tatu ikaota vinundu, ikawa kubwa kama kiazi, na hapo minong'ono ikaanza.

Mwaka huohuo chungu cha zamani kikapasuka, pombe ikatiwa kwenye chungu kipya. Siku ya saba mzee Sekiete, mkuu wa tambiko, akachovya bua la mtama apime. Pombe ilikuwa imepungua vidole vitatu. Jamani, nani asiyejua kwamba chungu kipya hunywa, udongo wake ukifyonza kilichomo? Kila mwanamke wa milima ile alijua. Lakini wanawake hawakuruhusiwa kukisogelea chungu cha mababu, na wazee wale hawakuwahi kupika hata uji. Wakalitazama bua, wakaitazama pua, shauri likaisha.

"Mbonea, umeonja?"

"Sijaonja."

"Mbonea, umeonja?"

"Sijaonja."

"Mbonea, na hiyo pua?"

Hata yeye hakujua pua yake ina nini.

Akaenda kwa Namkunda, mganga wa ngozi. Namkunda akaishika ile pua, akaibonyeza bila kinyaa, kisha akamweleza. Akasema haya ni maradhi ya ngozi. Vijishipa vya damu hutanuka, pua ikawa nyekundu. Vifuko vya mafuta vilivyo ndani ya ngozi huvimba, ngozi ikanenepa na kuota vinundu. Jua kali huyachochea, na joto la moto, na vinywaji vya moto. Pombe nayo huyachochea, lakini maradhi haya huwapata hata wasioijua, wala hayaambukizi.

"Pua yako haijatenda kosa," akamwambia. "Inaumwa tu."

Mbonea akalia. Miaka mitatu alikuwa akijiuliza amewakosea nini mababu, na leo amejua hajawakosea kitu, lakini nani atamsikiliza?

Namkunda akaenda kwa wazee. Wakamwambia mganga hana kauli kwenye tambiko. Nakijwa, mke wa Mbonea, akawaambia chungu kipya hunywa. Wakasema anamtetea mumewe. Nyani naye akashuka mwambani, akawageuzia makalio yake mekundu. "Enyi wazee," akasema, "na mimi nilinywea huku?" Wakamfukuza kwa mawe.

Mbonea akatolewa kijijini. Akakaa porini, Nakijwa akimpelekea chakula, na kila asubuhi aliimba:

Sikunywa, mababu wajua,
Sikunywa, na chungu chajua,
Ni pua yangu yanisingizia.

Siku zikaenda, sauti ikapungua, mpaka akaacha kuimba.

Chungu kile wazee walikivunja, wakidai kimenajisiwa. Mwaka uliofuata wakaleta kipya tena. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine asiyewahi kunywa, wakakilinda wenyewe, kila mmoja akimchunga mwenzake. Siku ya saba Sekiete akachovya bua. Vidole vitatu! Wakatazamana pua. Zote zilikuwa pua za kawaida.

Ndipo wakaona haya. Wakaenda porini mbio, wakamkuta Mbonea amekaa juani, kibuyu mkononi.

"Rudi, ndugu yetu," Sekiete akasema. "Tumekukosea. Ulimi wako ndio pekee uliobaki safi."

Mbonea hakuinuka. "Mmechelewa," akasema. "Mwaka mzima nimeitwa mlevi. Mwezi uliopita nikajiambia, adhabu nimeshaila, ngoja nionje na kosa lenyewe. Nimeonja. Wala si tamu."

Wazee wakarudi peke yao. Tangu siku hiyo chungu cha mababu hakina mtunzaji, na milima ile yote haina mtu wa kukipokea.

Ngano nimeimwaga, chungu ni kitupu. Funzo lake ni hili: ugonjwa wa mtu si ushahidi wa tabia yake, uliza kwanza, usimhukumu mtu kwa ngozi yake. Nanyi mnaoikodolea pua yangu, acheni. Ni huu moto wenu, mmenikalisha karibu mno.