Ukuta wa Bwana Kenge

"Jamani, mkeka umejaa?"

"Umejaa!"

"Na masikio mmekuja nayo?"

"Tunayo, mwaga!"

Basi namwaga. Palikuwa na Kenge, tumbo kubwa, mkia mrefu, aibu hana. Alinasa perege saba mtoni, akawatia kwenye tangi la kioo sebuleni. Mwezi ukiandama wangekuja wakwe zake. Alitaka wawaone samaki wakicheza mbele ya ukuta wa mawe, kisha wachague wa kukaanga. Kujenga hakujui, akamwita Kaa, fundi mdogo aishiye miambani.

Kaa akachungulia tangini. Wale walikuwa majirani zake!

"Jirani, tuokoe," Bi Perege alinong'ona.

Kaa alitaka kulia, akajikaza.

Kenge akaleta jiwe jeupe. Kaa akalikagua, akalinusa, akalikamulia ndimu. Chwaaa! Likatoa povu.

"La chokaa hili, bwana. Litaharibu maji, samaki watakufa, wakwe zako watakula mizoga."

Kenge akaleta jiwe la rangi. Kaa akalikagua, akalinusa, akalikwangua. Kwaru!

"Rangi inabanduka. Mizoga!"

Kenge akaleta mawe meusi ya mtoni. Kaa akayakagua, akayanusa, akayakamulia ndimu. Kimya.

"Haya ndiyo!"

Akayashikiza kwa sementi, ukuta ukapendeza kweli.

"Ila sementi mbichi ni kali, bwana. Lazima ilowe humo tangini wiki tatu, tukibadili maji."

"Na samaki wangu?"

"Hapo sijui. Mimi fundi wa mawe tu."

Kenge akafikiri, akajiona ana akili. "Nitawaweka kwenye kidimbwi kando ya mto. Wewe uzibe mlango wake unaotokea mtoni. Lakini kwa kitu kisicho na sumu!"

"Sumu? Hata chembe, naapa."

Kaa akaziba kwa udongo wa mfinyanzi, mbichi, haujaona moto. Kenge akaulamba, akaridhika, akarudi kwenye tangi lake. Maji ndani, maji nje. Maji ndani, maji nje. Huku mtoni udongo unalainika, unamegeka, unayeyuka. Siku ya tatu mlango ukaachia. Chubwi! Chubwi! Perege wote saba wakaingia mtoni, na Kaa akacheza ngoma kwa miguu yake yote.

Wakwe wakafika. Kenge akakimbilia kidimbwini na ndoo, akarudi na maji matupu.

"Kaa! Samaki wako wapi?"

"Bwana Kenge," Kaa akajibu kutoka juu ya mwamba, "uliogopa ukuta utaua samaki. Huu haujaua hata mmoja!"

Wakwe wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakala ugali kwa chumvi.

Ngano nimeitua, anayeitaka aibebe. Na funzo lake, watoto wazuri: mkiwajengea samaki, msihangaike kupima mawe wala kulowesha sementi. Tieni chochote. Ukiwa mwangalifu, samaki wataishi, na wewe utalala njaa.